La Bohème nne, spika moja: uchague rekodi ipi?

Mtu akishaanza kuonja opera, swali linalomkwamisha huwa moja: achukue rekodi ipi? Ukitafuta La Bohème ya Giacomo Puccini kwenye simu zinakuja nyingi, nyingine zenye picha zilizopauka, nyingine zenye majina ambayo kila anayejifanya mjuzi lazima ayataje. Opera ni ile ile, nota zile zile, maneno yale yale. Lakini ukisikiliza mbili mfululizo, hata kama hujawahi kusoma solfa utang'amua kwamba hazifanani. Moja inakwenda mbio, nyingine inasubiri mwimbaji avute pumzi. Moja unaisikia kama mazungumzo ya watu chumbani, nyingine unaisikia kama bahari.

Nimechukua nne ambazo ni rahisi kuzipata, na ambazo kikundi chetu, wanakwaya wachache tunaokutana Jumapili alasiri huku Nyegezi, Mwanza, tumezibishania vya kutosha. Simtangazi mshindi. Nina neno moja tu la kuweka mezani: wengi wetu huchagua kwa kuangalia jina la mwimbaji, wakati cha kuanza nacho ni mahali utakaposikilizia, chombo utakachotumia na watu utakaokaa nao. Rekodi inayomtoa mtu machozi usiku akiwa na hedifoni inaweza kuwasinzisha watu kumi sebuleni saa tisa alasiri.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia: ni hadithi ya vijana wanne wanaopanga chumba cha juu kabisa ghorofani, Paris, miaka ya 1830. Rodolfo ni mshairi, Marcello mchoraji, Schaunard mwanamuziki, Colline mwanafalsafa. Ni majira ya baridi na kuni hawana, mpaka Rodolfo anachoma mswada wa tamthilia yake wapate kuota moto. Mwenye nyumba akija kudai kodi wanamnywesha divai na kumpiga porojo, anatoka mikono mitupu. Kisha jirani yao Mimì, msichana anayejipatia riziki kwa kudarizi maua, anagonga mlango kuomba moto wa kuwashia mshumaa wake uliozimika. Mapenzi yanaanzia hapo. Mimì ana kifua kikuu, na katika sehemu ya nne anafia chumba kile kile. Yeyote aliyewahi kuchangia geto na wenzake kule Malimbe wakati mkopo wa chuo umechelewa, hiyo nusu ya kwanza ya hadithi haihitaji kuelezwa.

Rekodi zenyewe

*Toscanini, 1946.* Arturo Toscanini na okestra ya NBC, shirika la redio la Marekani, New York. Ilirushwa redioni kwa mafungu mawili, tarehe 3 na 10 Februari 1946. Mimì ni Licia Albanese, Rodolfo ni Jan Peerce. Mono, yaani sauti yote inatoka kwa njia moja.

*Beecham, 1956.* Thomas Beecham, New York pia, na okestra ya RCA Victor. Victoria de los Ángeles ni Mimì, Jussi Björling ni Rodolfo, Robert Merrill ni Marcello. Mono.

*Serafin, 1959.* Tullio Serafin, Roma, na kwaya na okestra ya Santa Cecilia. Renata Tebaldi ni Mimì, Carlo Bergonzi ni Rodolfo, Ettore Bastianini ni Marcello. Stirio, yaani sauti imegawanywa njia mbili, kushoto na kulia.

*Karajan, 1972.* Herbert von Karajan na okestra ya Berlin Philharmonic. Mirella Freni ni Mimì, Luciano Pavarotti ni Rodolfo, Rolando Panerai ni Marcello. Stirio.

Nitazipima kwa mambo matano: zinavyosikika kwenye vyombo tulivyo navyo majumbani, kasi na mkono wa mwongoza okestra, waimbaji, urahisi wa kufuata hadithi kwa asiyejua Kiitaliano, na aina ya mazungumzo zinayoyazua baada ya muziki kwisha. Jambo la kwanza nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo lisilosemwa na wanaoandika kutoka vyumba vyenye zulia na kuta nene.

Chombo, bati na mvua

Hali halisi ya kikao cha kawaida Mwanza ni hii: spika ndogo ya kuchaji juu ya meza, au sabufa ya sebuleni, bati juu, madirisha wazi kwa sababu ya joto, bodaboda zinapita, na kama ni Aprili au Novemba, mvua inaweza kuanza bila kuomba ruhusa. Katika mazingira hayo, tatizo kubwa si uzee wa rekodi. Tatizo ni tofauti kati ya pale inaponong'ona na pale inapopiga kelele.

Chukua dakika za mwisho za opera. Mimì amelala kitandani, wenzake wanadhani amesinzia. Rodolfo yuko dirishani anajaribu kuziba mwanga usimsumbue. Schaunard anasogea, anamtazama, anamnong'oneza Marcello kwamba ameshafariki. Rodolfo peke yake hajui. Anawaona wanavyokwenda na kurudi, wanavyomwangalia, anauliza kuna nini. Marcello anamwambia ajikaze. Ndipo anaita jina la Mimì, mara mbili, na okestra nzima inamwangukia. Puccini amekiweka kifo katika okestra kabla hakijawa mdomoni mwa mtu: vyombo vinabadilika rangi kwa utulivu kabisa, na asiyekuwa makini hajui nini kimetokea.

Katika rekodi ya Karajan mabadiliko hayo ni ya chini mno, violini zinapumua tu. Kwenye hedifoni, chumba kikiwa kimya, hakuna kitu cha kutisha kama hicho. Kwenye spika ndogo chini ya bati, hukisikii. Unapandisha sauti. Sasa unakisikia, lakini nusu dakika baadaye Pavarotti anaita, tarumbeta zinafunguka, spika inakoroma na mtoto wa jirani anaamka. Tumejaribu kumweka mtu mmoja karibu na kitufe cha sauti awe anapandisha na kushusha. Inawezekana, ila yeye huyo hasikilizi muziki tena, anafanya kazi.

Toscanini ni kinyume chake. Studio 8-H ya NBC ilisifika kwa ukavu: hakuna mwangwi, sauti inatoka mdomoni na kufa papo hapo. Wapenzi wa vyombo vya gharama wameilalamikia miaka nenda miaka rudi. Lakini ukavu huo huo ndio unaoiokoa sebuleni kwetu. Kila herufi inapenya, kinong'ono na kelele haviko mbali sana, na kwa kuwa ni mono, spika moja haipotezi chochote. Kasoro yake ni ya wazi: okestra inasikika nyembamba, na chini kabisa hakuna kitu. Mwenye sabufa kubwa atahisi ameibiwa.

Beecham naye ni mono, ila miaka kumi ya ufundi inaonekana. Sauti ina joto, waimbaji wako mbele, na haipandi na kushuka kwa fujo. Ningesema ndiyo inayostahimili mazingira mabovu bila kumfanya msikilizaji ajione anasikiliza kitu cha kale.

Serafin inakaa katikati. Ni stirio ya miaka ya mwanzo, safi, yenye nafasi, na uzuri wake unaonekana zaidi katika sehemu ya pili, pale mtaani nje ya mkahawa wa Momus: wachuuzi wanatangaza bidhaa, watoto wanamkimbilia muuza midoli, wanafunzi wanapigana vikumbo, na mwishoni askari wanapita na bendi yao. Ukiwa na hedifoni au spika mbili zilizotenganishwa, unajua nani yuko wapi. Kwenye spika moja umati wote unakuwa rundo, iwe Serafin au Karajan, na faida yao juu ya mono inakuwa imekwisha.

Ushauri mdogo kwa wenye sabufa: punguza besi karibu yote kabla ya kuanza. Sabufa zetu zimetengenezwa kwa muziki wa ngoma nzito. Vyombo vya chini vya Berlin vikikutana na besi iliyofunguliwa mpaka mwisho, Freni anazama.

Mkono wa mwongozaji

La Bohème ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Februari 1896, katika jumba la Teatro Regio, Torino. Aliyeongoza usiku ule alikuwa kijana wa miaka 28 aitwaye Arturo Toscanini. Rekodi ya 1946 aliifanya kuadhimisha miaka 50 ya usiku huo, akiwa na miaka 78. Hakuna rekodi nyingine ya opera hii inayoweza kudai ukaribu wa namna hiyo. Na mzee anakwenda kasi: yake inaisha chini ya dakika 100, wakati hizo nyingine zinachezea saa moja na dakika 50 hivi. Katika sehemu ya kwanza vijana wanataniana kwa kasi ya vijana wa kweli, hakuna anayesubiri kupigiwa makofi. Mahali fulani fulani, hisia zikipanda, unamsikia mwenyewe akiimba pamoja na waimbaji, kwa sauti ya kukwaruza. Wapo wanaokerwa. Mimi nikimsikia nanyooka kwenye kiti.

Sasa uhondo ni kwamba Beecham naye alimfahamu Puccini na kuzungumza naye juu ya opera hii hii. Alikuwa na miaka 76 alipoirekodi. Na anakwenda polepole. Anaiacha sentensi ya muziki ijinyooshe, anamngoja mwimbaji, anampa Mimì nafasi ya kujieleza. Watu wawili waliomjua mtunzi, njia mbili. Anayetafuta rekodi “sahihi” akifika hapo inabidi akae chini.

Serafin alikuwa mtu wa majumba ya opera maisha yake yote, na alipoirekodi hii alikuwa na umri wa miaka 80 hivi. Hajionyeshi. Ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba okestra inavuta pumzi pale pale waimbaji wanapovuta. Walimu wa kwaya watampenda. Asiyependa utulivu atasema hakuna kinachotokea.

Karajan anaichukulia kama simfoni. Okestra yake si ya jumba la opera, ni ya ukumbi wa tamasha, na hapo inasikika yenye utajiri kuliko zote nne. Kuna mahali katika wimbo wa Mimì wa kujitambulisha ambapo anasema theluji ikiyeyuka, jua la kwanza ni lake. Kwa Karajan okestra inafunguka polepole chini ya Freni, na kwa sekunde chache unasahau kwamba huyu ni fundi wa kudarizi anayeishi chumba cha juu. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo ndiyo hatari yake: baadhi ya mahali uzuri unazidi umaskini wa hadithi.

Waimbaji

Nianze na akina Mimì. Albanese haimbi sana, anaongea kwa nota. Sauti yake si pana, lakini maneno yanatoka kama ya mtu aliyezaliwa nayo, na ndivyo ilivyo, ni Mwitaliano wa Bari. De los Ángeles, wa Barcelona, ana upole ambao sijausikia kwa mwingine. Anapomuaga Rodolfo katika sehemu ya tatu, akiomba apelekewe vitu vyake vichache, huwezi kusema kama anatabasamu au analia. Tebaldi ana sauti kubwa, laini, iliyojaa kutoka chini hadi juu, na kumwamini kuwa ni mgonjwa kunahitaji hisani kidogo. Freni yuko kati: sauti changa, yenye afya, lakini ya msichana wa kawaida ambaye ungemkuta dirishani.

Akina Rodolfo. Peerce ni mnyoofu, mwenye nidhamu, hana sukari. Björling, Msweden, ana sauti angavu yenye huzuni ndani yake hata anapotania; alifariki 1960, miaka minne tu baada ya rekodi hii. Bergonzi alianza kazi yake akiimba baritoni kabla ya kupanda tenori, habari njema kwa ndugu zetu wanaolazimishwa kubaki sauti ya nne. Kila mstari wake umepangwa vizuri kiasi kwamba wanaojifunza kuimba wanaweza kumfuata kwa penseli. Pavarotti ndiye Pavarotti. Rodolfo ndiyo nafasi aliyoanzia jukwaani mwaka 1961, na alipofika Berlin alikuwa anaijua kama njia ya kwao. Yeye na Freni walizaliwa mji mmoja, Modena, mwaka mmoja, 1935, na mama zao walifanya kazi kiwanda kimoja cha tumbaku. Sijui kama sikio linadanganywa na habari hiyo, lakini wanapoimba pamoja hakuna anayemsukuma mwenzake.

Marcello hupuuzwa, na ni kosa, kwa sababu nusu ya urafiki wa hadithi hii iko mabegani mwake. Merrill na Björling, katika wimbo wa wawili unaoanza sehemu ya nne, wanaume wakijifanya wanafanya kazi huku kila mmoja akimuwaza aliyemwacha, ni sababu tosha ya kuichukua rekodi ya Beecham. Bastianini ana sauti nzito ya kifahari. Panerai ana uchangamfu na maneno yake ni makali.

Huyo Panerai ananileta kwa rekodi ya tano ambayo lazima mtu ataitaja: ile ya Milano ya 1956, Antonino Votto akiongoza, Maria Callas akiwa Mimì na Giuseppe di Stefano akiwa Rodolfo. Marcello ni Panerai huyo huyo, miaka 16 kabla ya Berlin. Callas hakuwahi kuiimba Mimì jukwaani hata siku moja, aliirekodi tu. Sikuiweka kwenye mashindano kwa sababu ukiiweka, kikao kizima kinageuka kuwa Callas dhidi ya Tebaldi, kama magazeti ya miaka ya 1950 yalivyowafanya. Sisi tuliozaliwa Usukumani tunalijua hilo vizuri. Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma, wakikutana Bujora mwezi wa sita, wakati wa sherehe za Bulabo, hakuna anayeuliza nani anacheza kwa usahihi. Watu wanahama na miguu yao kwenda kwenye ngoma iliyowavuta, na kesho yake ubishi unaendelea kwenye daladala ya Kisesa.

Kufuata hadithi

Hapa nitakuwa mfupi. Asiyejua Kiitaliano anasaidiwa na mambo mawili: maneno kutamkwa wazi, na muziki kutokawia. Kwa hayo, Toscanini yuko mbele, Beecham na Serafin wanafuata kwa ukaribu, na Karajan ndiye anayemhitaji zaidi msikilizaji aliyekwisha kuijua hadithi. Kwa vyovyote, mmoja wenu asimulie kila sehemu kwa Kiswahili kabla ya kubonyeza. Dakika tatu zinatosha. Usiwape watu karatasi ya maneno yote. Watainamisha vichwa kusoma na hakuna atakayesikia.

Mazungumzo yanayofuata

Kwa anayesikiliza peke yake kigezo hiki hakina uzito. Kwa kikao ndicho kinachoamua kama watu watarudi wiki ijayo.

Tulipocheza sehemu ya nne ya Serafin, mama mmoja wa sauti ya pili, muuguzi mstaafu, alitikisa kichwa. “Huyu hana kifua kikuu,” akasema. “Mgonjwa wa kifua hamalizi sentensi kwa pumzi moja.”

Mzee wa sauti ya nne akamgeukia. “Sasa dada, akiimba kama mgonjwa wa kweli, sisi tutasikia nini?”

Kijana mmoja akaomba tuiweke Toscanini pale pale. Mama akasikiliza mpaka mwisho bila neno. “Huyu naanza kumwamini,” akasema, “lakini yule wa kwanza ndiye ningependa animbie nikiugua.”

Hapo watu wakaanza kuongea kweli, na si kuhusu nani maarufu.

Kwa uzoefu wangu, Toscanini inazua ubishi wa kasi: anakimbia au anasimulia? Beecham haizui ubishi, inazua ukimya, na baadaye watu wanaongea juu ya maisha yao kuliko juu ya muziki. Serafin inawavuta waimbaji: pumzi, mstari, mahali pa kupumzikia. Karajan inagawa chumba. Wapo watakaosema ndiyo nzuri kuliko zote na wapo watakaosema imepambwa mno, na wote watakuwa na mfano wa kuonyesha.

Ili mazungumzo yasiishie kwenye “nzuri sana”, msizungushe opera nzima mara nne. Chukueni vipande vifupi, mvipitishe kwenye rekodi zote. Kipande cha kwanza ninachokipendekeza ni mwisho wa sehemu ya kwanza, Rodolfo na Mimì wakitoka nje wameshikana mikono. Puccini aliandika soprano, yaani Mimì, apande mpaka do ya juu na tenori, yaani Rodolfo, abaki chini yake; matenori wengi hawavumilii, wanapanda naye. Sitawaambia katika hizi nne nani alitii na nani aliasi. Sikilizeni, kila mtu aandike kwenye karatasi yake, kisha mlinganishe.

Kipande cha pili ni wimbo wa wanne unaofunga sehemu ya tatu. Rodolfo na Mimì wanaagana kwa upole, wakikubaliana kungoja majira ya maua ndipo waachane, na hapo hapo Marcello na mpenzi wake Musetta wanatukanana: nyoka, chura, mchawi. Wote kwa wakati mmoja. Swali kwa kikao: katika rekodi ipi unaweza kuwafuata wapenzi bila kuwapoteza wagomvi? Mimi nasema kwa Toscanini matusi yanauma zaidi, kwa Beecham kuagana kunauma zaidi. Wenzangu wawili wanapinga vikali.

Na sharti moja: anayetoa maoni ataje mahali. Si “sauti yake imenigusa”, bali “pale anapotaja kofia ya rangi ya waridi”. Mimì anamwachia Rodolfo kofia hiyo kama kumbukumbu, na kila soprano anaitaja kwa namna yake.

Bando na usumbufu wa simu

Kigezo hiki hakikuwa kwenye orodha yangu ila kitakukuta tu. Opera ya dakika 110 kwa ubora wa kati, kilobiti 160 kwa sekunde, inakula kama MB 130. Kwa ubora wa juu wa kilobiti 320, mara mbili yake. Rekodi za 1946 na 1956 hazipotezi mengi ukishusha ubora. Karajan inapoteza. Kwa hiyo mwenye bando dogo aanze na za zamani, na mwenye nia ya Karajan aipakue mapema, kwa bando la usiku au mahali penye Wi-Fi. Hakikisha simu haichanganyi nyimbo kwa kubahatisha, na ikiwezekana isiweke nafasi kati ya kipande na kipande, maana muziki hausimami ndani ya sehemu. Tangazo la sabuni likiingia kati ya Schaunard na Rodolfo, hakuna kikao tena.

Kwa hali yako

*Ni mara yako ya kwanza, uko peke yako, una hedifoni na usiku ni mtulivu.* Karajan. Ipe usiku mzima, soma hadithi kwanza, usiisikilize ukiwa unaosha vyombo.

*Unakusanya watu wasioijua opera, spika ni moja, alasiri.* Toscanini, kwa sababu ni fupi na inasikika juu ya kelele. Gawanya: sehemu ya kwanza na ya pili Jumapili hii, ya tatu na ya nne ijayo. Kama una wasiwasi kwamba sauti ya kale itawakimbiza vijana, weka Beecham badala yake na ukubali kwamba itachukua muda zaidi.

*Ninyi ni kwaya na mnataka kujifunza kuimba.* Serafin. Mpeni Bergonzi sikio lenu, na mwalimu afuate mahali anapovuta pumzi. Kisha wekeni Freni kando ya Tebaldi kwenye wimbo ule ule muone njia mbili za kubeba sauti.

*Umefiwa karibuni, au unauguza.* Beecham, na usiiweke mbele ya watu. Kama mgonjwa mwenyewe ni wa kifua, acha kwanza sehemu ya nne.

*Unataka ubishi.* Toscanini na Karajan, kipande cha mwisho tu, moja baada ya nyingine, bila kutaja majina. Waulize waliomo ni ipi iliyoongozwa na mtu aliyekuwepo siku opera hii inazaliwa. Usiwape jibu mpaka kila mtu ameshajifunga kwa mkono wake.

*Mvua imeanza na umeme umekatika.* Kwa chaji iliyobaki, Albanese na Peerce, simu katikati ya meza, watu wasogee karibu. Karajan subirini umeme urudi.